BODI, WAZIRI NA KIJIJI: NANI HUMSIMAMIA MSIMAMIZI WA MAZINGIRA?

Kila yanapozungumzwa mashirika na vyombo vya umma, swali la kwanza huwa ni la nyenzo: chombo kina wataalamu wangapi, magari mangapi, maabara gani. Hilo ni swali la haki. Lakini liko swali jingine ambalo huulizwa mara chache, nalo ndilo la msingi zaidi: chombo hicho kinawajibika kwa nani, na neno lake lina nguvu gani likishatamkwa? Makala haya yanakusudia kulieleza swali hilo kwa upande wa chombo cha taifa cha kulinda mazingira na Bodi yake.

Asije mtu akadhani kwamba hili ni jambo la maofisi ya Dar es Salaam na Dodoma peke yake. Tuchukue Mitole, bara ya Kilwa. Mwananchi wa huko hulima ufuta, mtama na muhogo. Msitu humpatia nguzo, fito, asali na dawa, na katika misitu hiyo ya Kilwa umo mpingo, mti ambao thamani yake inajulikana mpaka Ulaya. Mwananchi huyo huenda hajapata kusikia kwamba iko Bodi inayokaa kuzungumza mambo ya mazingira. Hata hivyo karatasi inayopita mbele ya Bodi hiyo, au isiyopita pale ilipopaswa kupita, inaweza kuamua kama msitu wake utakuwapo mwakani. Na upande wa pwani wa wilaya hiyo hiyo iko gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004. Kwa hiyo Kilwa ni mahali ambapo mipango mikubwa ya uchumi na riziki ndogo za wakulima na wavuvi hukutana kila siku.

Tuanze na maana ya bodi. Makada wengi wanaijua maana hiyo tayari, ila hawajaiita kwa jina hilo, kwa sababu wameiona kijijini. Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 iliweka Halmashauri ya Kijiji yenye wajumbe wasiozidi 25 pamoja na kamati zake, na sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 ikaendeleza mpango huo. Wenye mali ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani watu wazima wote. Halmashauri huamua na kusimamia kwa niaba yao. Kamati na watendaji hufanya kazi. Mtendaji akiuza mbao za kijiji kinyume cha taratibu, Halmashauri ndiyo ya kwanza kumwuliza. Halmashauri ikila njama naye, wanakijiji wataiuliza Halmashauri kwenye Mkutano Mkuu. Bodi ya chombo cha umma ni ile Halmashauri. Mkurugenzi Mkuu na maofisa wake ni wale watendaji.

Ugumu unaanza tunapouliza Mkutano Mkuu wa chombo cha taifa ni nani. Ni umma, bila shaka, lakini umma wa nchi nzima haukutani chini ya mwembe. Unawakilishwa na Waziri, na Waziri hujibu Bungeni. Basi Bodi hujikuta katikati: chini yake wapo watendaji wanaojua mambo kuliko yenyewe, na juu yake yuko Waziri mwenye madaraka kuliko yenyewe. Bodi dhaifu hubanwa na pande zote mbili ikageuka kuwa kikao cha kupokea taarifa, kusaini posho na kuagana.

Kwa shirika la biashara ubovu huo hugundulika mapema, maana hesabu za mwaka zitaonyesha hasara hata kama mwenyekiti ni msemaji hodari. Chombo cha mazingira hakina kipimo cha namna hiyo. Kazi yake ikifanywa vizuri, matokeo yake ni madhara ambayo hayakutokea: mto usioharibika, mikoko isiyokatwa, watoto wasiougua. Kazi ikifanywa vibaya, hasara huandikwa kwa watu wengine kabisa, mara nyingi wanakijiji, na huonekana baada ya miaka mingi wakati wajumbe waliohusika wamekwisha badilishwa mara tatu. Zaidi ya hayo, Serikali ambayo ndiyo mwenye chombo hicho ndiyo pia inayotafuta viwanda, barabara, bandari na wawekezaji. Siku itafika ambapo chombo cha Serikali kitapaswa kuiambia Serikali yenyewe: hapa tusimame kwanza. Hapo ndipo Bodi inapopimwa.

Historia yetu ina mfano ulio wazi. Baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya mazingira uliofanyika Stockholm mwaka 1972, nchi nyingi zilianza kuunda vyombo vya kushughulikia jambo hilo. Tanzania iliunda Baraza la Taifa la mazingira, linalojulikana zaidi kwa herufi zake za NEMC, kwa Sheria Na. 19 ya mwaka 1983. Tulisome neno moja katika kazi za Baraza lile: kushauri. Baraza liliweza kuchunguza, kuratibu na kuishauri Serikali. Halikupewa meno ya kuzuia.

Maana ya neno hilo ilionekana mwaka 1997. Kaskazini ya Kilwa, mtu akivuka mto Matandu na kuipita Somanga, hufika kwenye Delta ya Rufiji yenye mikoko ya hekta zipatazo 53,000, fungu moja kubwa kuliko yote katika pwani ya Afrika Mashariki. Kampuni moja, African Fishing Company, iliomba kuanzisha huko ufugaji wa kamba wenye mabwawa ya hekta 10,000 hivi. Andiko la tathmini ya athari kwa mazingira likapelekwa Baraza. Baraza likaunda jopo la wataalamu, wakalisoma, wakaona upungufu wake, na ushauri ukatoka: mradi usikubaliwe. Mwezi Novemba mwaka huo Baraza la Mawaziri likaukubali kwa masharti. Mwaka huo huo, na hili halihitaji maelezo marefu, Serikali ilipitisha Sera ya Taifa ya Mazingira.

Tuwe waangalifu hapa. Serikali kutofuata ushauri si uvunjaji wa sheria. Mwenye kushauriwa ana haki ya kukataa ushauri. Wako pia wakazi wa Delta waliotaka ajira zilizoahidiwa, na shida yao haikuwa ya kubuni. Kasoro ilikuwa ni kwamba ushauri ulikataliwa bila wenye Delta kuelezwa hadharani kwa nini hoja za wataalamu wao wenyewe wa taifa hazikutosha. Kundi kubwa la wanavijiji wakaenda Mahakama Kuu. Mradi ukachelewa, fedha hazikupatikana, na mabwawa hayakuchimbwa. Mikoko ya Rufiji basi haikuokolewa na chombo kilichoundwa kwa ajili hiyo. Iliokolewa na wakulima na wavuvi waliokwenda mahakamani, pamoja na mwekezaji kukosa mtaji. Haifai taifa kuutegemea mpango wa namna hiyo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 ilikuja kurekebisha mengi. Baraza lilipewa madaraka ya kukagua, kutoa amri, kutoza faini na kusimamia tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo sasa ikawa sharti kwa miradi iliyotajwa. Iliwekwa Kamati ya Taifa ya Ushauri wa Mazingira, na Baraza la Rufaa kwa asiyeridhika. Hayo yote ni hatua ya mbele, na asemaye kwamba hakuna kilichobadilika tangu 1983 hajaisoma sheria.

Lakini tuisome mpaka mwisho. Kwa mpango ule wa 2004, Baraza hulichambua andiko la tathmini na kutoa mapendekezo. Mwenye kukubali au kukataa ni Waziri. Mwenyekiti wa Bodi huteuliwa na Rais, na Mkurugenzi Mkuu naye huteuliwa na Rais. Tulinganishe na kijiji: ni kama Halmashauri iambiwe imsimamie mtendaji ambaye haikumwajiri, haiwezi kumwondoa, na ambaye barua yake ya uteuzi imetoka mahali palepale ilipotoka barua ya mwenyekiti. Mtendaji wa namna hiyo akiwa mtu mwema, kazi itakwenda. Asipokuwa mwema, Bodi itabaki na silaha moja tu, nayo ni kuandika. Wengi hawaitumii hata hiyo.

Mimi sioni kwamba dawa ni kuiondoa mikono ya Rais au Waziri. Chombo cha umma kisichowajibika kwa viongozi waliochaguliwa huangukia mikononi mwa wataalamu na wafadhili, na hao hawachaguliwi na mtu. Dawa ni kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa: maoni ya kitaalamu, na uamuzi wa kisiasa. Bodi ilinde la kwanza. Iseme kwa maandishi: wataalamu wetu wamekuta hivi, hatari ni hizi, tunapendekeza hivi. Waziri naye, akiamua vinginevyo, aandike sababu zake na karatasi zote mbili zisomeke. Kiongozi mwenye sababu nzuri hatapungukiwa na kitu.

Turudi Kilwa tuone gharama ya karatasi zisizosomeka. Kuanzia mwaka 2006 kampuni ya BioShape ya Uholanzi ilikuja kutafuta ardhi ya kulima mibono kwa ajili ya mafuta ya mitambo. Ilipata ardhi ya hekta zipatazo 34,000 katika eneo la vijiji vya Mavuji, Migeregere, Liwiti na Nainokwe. Kwa kuwa mgeni hawezi kumilikishwa ardhi ya kijiji, ardhi ile ilipaswa kwanza kuhamishwa iwe ardhi ya jumla, ndipo apewe. Fidia ikalipwa, na sehemu kubwa yake, kwa maelezo ya watafiti waliofuatilia, ilibaki Halmashauri ya Wilaya badala ya kufika vijijini. Kufikia mwaka 2010 kampuni ilikuwa imeanguka. Shamba lililowahi kulimwa lilikuwa sehemu ndogo sana ya ardhi iliyochukuliwa. Lakini ardhi iliyokwisha kuwa ya jumla hairudi kijijini kwa sababu tu mwekezaji amefunga mizigo.

Wakati huo Sheria ya 2004 ilikuwapo. Tathmini ya athari ilikuwapo katika vitabu. Tukiuliza ni ofisa gani alikosea, tutapata majina, tutayalaumu, na mambo yataendelea vilevile. Tuulize jambo jingine: Bodi ya chombo cha mazingira, ikikaa kikao chake cha kawaida katika miaka ile ambapo makampuni ya mafuta ya mimea yalikuwa yakiingia Rufiji, Kisarawe, Bagamoyo na Kilwa kwa pamoja, ilipaswa kuuliza nini? Kwa maoni yangu ilipaswa kuyatazama maombi yote katika meza moja. Ofisa husoma andiko la mradi mmoja, naye huona hekta za mradi huo. Mwenye kuona pwani nzima ni Bodi, au hakuna. Sheria yenyewe ilikuwa na sehemu nzima juu ya tathmini mkakati, yaani kupima athari za sera na mipango kabla ya kupima mradi mmoja mmoja. Hiyo ni kazi ya watu waliokaa juu kidogo wakatazama mbali, na ndiyo sababu ya kuwa na bodi.

Ilipaswa pia kuuliza juu ya mpangilio wa hatua: ardhi imehamishwa kabla au baada ya tathmini kukubaliwa? Ikiwa kabla, tathmini inageuka kuwa sherehe, maana mwanakijiji anaulizwa maoni juu ya ardhi ambayo si yake tena. Na ilipaswa kuuliza swali ambalo wataalamu wa mimea na wanyama hawalipendi: mradi ukifa, nani atabaki na shimo?

Jambo la fedha nalo halina budi kutazamwa. Chombo cha kudhibiti huishi kwa ruzuku ya Serikali, kwa ada za wanaodhibitiwa, na kwa faini. Ruzuku ikipungua, ada na faini hupanda. Faini ina nafasi yake. Mwezi Mei 2019 Baraza liliutoza mgodi wa North Mara shilingi bilioni 5.6 kwa ajili ya maji machafu yaliyovuja kutoka bwawa la mabaki, na miezi michache baadaye mgodi ukaamriwa kuacha kulitumia bwawa lile. Hatua ile ilionyesha kwamba meno yapo. Lakini Bodi inapopitisha bajeti ambayo mapato yake yanategemea faini, imekwisha kusema kwamba inategemea watu wachafue. Na bajeti inapotegemea ada za kupitisha miradi, imekwisha kusema kwamba kukataa mradi ni hasara. Hapana haja ya rushwa ili uamuzi upinde. Mishahara ya mwisho wa mwezi inatosha. Mjumbe wa Bodi anayeuliza kuhusu uwiano wa ruzuku, ada na faini amefanya kazi kubwa kuliko yule anayetoa hotuba juu ya upandaji miti.

Je, Bodi ikilala, hakuna lolote litakaloipata? Majirani zetu wametoa jibu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007 ubavuni mwa nyumba za watu, na risasi ikawaingia watoto mwilini. Wakazi, wakiongozwa na Phyllis Omido aliyewahi kuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, walipigana kwa miaka. Mwezi Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na miongoni mwa waliobebeshwa mzigo huo ni NEMA, mamlaka ya mazingira yenyewe. Rufaa ziliendelea, hukumu ikatenguliwa, kisha Mahakama ya Juu ikaipa uhai tena mwaka 2024. Kwa makada funzo liko katika sura ya kesi: mlinzi alishtakiwa pamoja na mwizi, kwa sababu alikuwa na funguo na hakuzitumia. Na fidia ikilipwa na chombo cha umma, hulipwa na umma uleule.

Hapa kwetu njia hiyo si ngeni. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu dhidi ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa sababu ya jalala, na mahakama ikaamuru Jiji liache kutupa taka pale. Baraza la mazingira lilikuwa na umri wa miaka mitano.

Sasa tushuke kabisa, maana chombo cha taifa hakina miguu ya kufika kila msitu. Sheria ya 2004 ilitaka ziwepo kamati za mazingira mpaka ngazi ya kijiji, na ofisa wa mazingira katika kila halmashauri. Kwa hiyo Mitole ni tawi la mwisho la mti uleule. Tatizo ni kwamba taarifa hupanda na haiteremki. Kamati ya kijiji huandika kwenda kata, kata huandika kwenda wilaya, na majibu hupotelea njiani. Ofisa wa wilaya naye ni mwajiriwa wa halmashauri ambayo hupata ushuru kwa kila gunia la mkaa na kila gogo linalopita kizuizini. Mgongano tuliouona juu kwa Waziri tunauona tena hapa, ila ukiwa mdogo na wa karibu zaidi.

Ajabu ni kwamba mfano bora wa usimamizi umetoka huku huku chini. Vijiji vya Kikole na Kisangi, katika wilaya hii ya Kilwa, vilitenga misitu yao chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na mwaka 2009 misitu hiyo ikapata cheti cha kimataifa cha FSC kwa msaada wa shirika la uhifadhi wa mpingo lenye makao Kilwa Masoko. Ilikuwa mara ya kwanza katika Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji kupata cheti hicho. Tusivutwe na cheti, tutazame utaratibu. Kamati ya maliasili huhesabu miti na kusimamia uvunaji. Halmashauri ya Kijiji huisimamia kamati. Mkutano Mkuu husomewa mapato na kuamua matumizi. Kisha mkaguzi kutoka nje, asiye wa kijiji wala wa wilaya, huja na kukagua, na akikuta kasoro cheti kiko hatarini. Hizo ni ngazi nne, na kila moja ina mtu wa kuiuliza maswali. Sidai kwamba mambo yote huko ni safi, kwani penye mpingo pana wivu na pana mbao za usiku. Lakini wizi ukitokea, inajulikana nani aulizwe na aulizwe wapi.

Hoja ya kuligeuza Baraza kuwa Mamlaka imezungumzwa nchini kwa miaka mingi. Jina kubwa si kitu kibaya, na madaraka zaidi yanaweza kusaidia. Ila kada anayesoma sheria ya chombo chochote cha mazingira, kwa jina lolote, asome kwanza vifungu vitatu: kinachosema nani humteua na kumwondoa mtendaji mkuu, kinachosema nani hutia saini ya mwisho, na kinachosema fedha zinatoka wapi. Vifungu vya malengo, ambavyo kwa kawaida ndivyo virefu na vitamu, vinaweza kungoja.

Na kwa walioko wilayani kipo kitu cha kufanya bila kungoja sheria yoyote mpya. Kanuni za tathmini ya mazingira za mwaka 2005 zilitaka kila andiko liambatane na muhtasari usio wa kitaalamu, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Muhtasari huo mara nyingi hulala katika jalada. Mwalimu wa shule, katibu wa tawi au mwanafunzi aliyerudi likizo anaweza kwenda ofisi ya wilaya Kilwa Masoko, akauomba, akaurudisha kijijini, ukasomwa kwa sauti kwenye Mkutano Mkuu kabla mabango ya mradi hayajasimamishwa, na maswali yatakayoulizwa yakaandikwa katika kumbukumbu za kikao pamoja na tarehe. Nakala moja ibaki kijijini, moja iende kwa ofisa wa mazingira wa wilaya, na moja ipelekwe moja kwa moja kwa Mwenyekiti wa Bodi.